MOTO WA JIKONI NA MFUKO WA MAMA: HISTORIA FUPI YA MIPANGO YA NISHATI MAJUMBANI NA KIKUNDI CHETU



Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi mtasoma habari za hisa, mikopo na mfuko wa jamii. Sisi tumepewa kazi ya kuandika historia ya jambo ambalo halina ukurasa wake kwenye daftari la mweka hazina, lakini limekula fedha zetu kuliko jambo jingine lolote: moto wa kupikia na taa ya kuwasha. Katika miaka hii kumi serikali imeleta mipango mingi ya kumpunguzia mwananchi mzigo huo. Kuna wenzetu walionufaika, na kuna waliobaki wanatazama. Tumeona ni vyema tueleze ilikuwaje, ili wanaokuja nyuma yetu wasianze na moja.

Enzi za mafiga matatu

Habari ya serikali kuingia jikoni haikuanza na sisi. Mama zetu wanaikumbuka kampeni ya Misitu ni Mali ya mwaka 1980, iliyokuja baada ya Mtu ni Afya na Chakula ni Uhai. Watu walikaa chini ya miti na redio, wakasikiliza, wakapanda miche. Ujumbe ulikuwa mzuri, lakini jioni mama alirudi kwenye mafiga yale yale matatu. Moto wa mafiga sehemu kubwa ya joto lake inapotea hewani, na sufuria inapata kidogo tu. Moshi ndio usiopotea. Unabaki kifuani mwa mpishi na mtoto aliye mgongoni.

Mwaka 1981 ulifanyika Nairobi mkutano mkubwa wa Umoja wa Mataifa juu ya nishati mpya na jadidifu. Katika miaka iliyofuata mafundi wa Kenya walitengeneza jiko la mkaa lenye bati nje na udongo wa kuchoma ndani, kwa kuiga jiko la ndoo la Thailand. Kwetu wazo hilo lilikuja mwaka 1988, kwa mradi wa Wizara ya Nishati uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Likaitwa Jiko Bora, na lilianzia Dar es Salaam.

Tukilikumbuka Jiko Bora tunaona funzo moja. Serikali haikugawa majiko bure. Ilifundisha mafundi, ikawaacha waunde na kuuza. Ndiyo maana mradi ulipokwisha, jiko halikupotea sokoni. Lakini lilipata pia ndugu wa bandia: rangi ile ile, udongo usioiva, baada ya miezi michache limepasuka. Rahisi huvunja upishi, na hapa usemi huo una maana yake kamili.

Mkaa wenyewe nao una hesabu yake. Kwa tanuri la kienyeji la kufukia udongo, tani moja ya mkaa inakula kiasi cha tani kumi za kuni. Sisi wa pembezoni mwa Morogoro, tunaotazama Uluguru kila asubuhi na kuona malori ya magunia yakielekea Dar es Salaam, hatuhitaji kuambiwa miti imekwenda wapi.

Umeme unakuja, lakini kwa nani?

Mwaka 2005 Bunge lilipitisha Sheria ya Nishati Vijijini, na mwaka 2007 Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ukaanza kazi. Wakati huo wengi wetu tulikuwa watu wa kibatari na chemli. Mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa sana ili kukomesha uchakachuaji, maana kulikuwa na watu wanaochanganya mafuta ya taa kwenye dizeli. Nia ilikuwa njema. Lakini aliyeumia zaidi ni mama wa kibatari, ambaye hana hata baiskeli, sembuse gari la dizeli.

Kuingiziwa umeme kulikuwa shilingi 455,108 kwa nyumba iliyo karibu na nguzo. Kuanzia Januari 2013 bei ilishushwa: vijijini 177,000, mijini 320,960. Kwenye miradi ya REA mwananchi alilipa 27,000 tu. Baadaye bei hiyo ya 27,000 ilipanuliwa, kwa muda hata mijini, kisha kuanzia Januari 2022 wa mijini wakarudishiwa 320,960.

Hapo ndipo kikundi chetu kilipogawanyika kwa mstari ambao hatukuuchora sisi. Wanachama wetu wanakaa pande mbili za barabara moja. Upande mmoja unahesabiwa kijiji, upande wa pili ni mtaa wa mji. Shamba ni lile lile, kisima ni kile kile, vumbi ni lile lile. Lakini huyu alilipa 27,000, na mwenzake anayemwazima chumvi akatakiwa 320,960. Wapo waliowahi kabla ya Januari 2022 kwa sababu kikundi kiliwakopesha haraka. Waliosubiri mavuno ndio waliokwama. Hatusemi haya kwa kulaumu mtu. Tunasema ili ijulikane kwamba katika mipango hii tarehe ni mali. Tangazo likitoka, siku hiyo hiyo liulizwe: linahusu nani, linaanza lini, linaisha lini?

Tena ile 27,000 ilikuwa ya kuunganishwa tu. Nyaya za ndani, swichi na fundi ni juu yako. Wengi walishangaa, kumbe wairing inakuja mara nyingi ya bei hiyo. Kwa nyumba ndogo kulikuwa na kifaa cha UMETA, yaani Umeme Tayari, kinachokupa taa na soketi bila kufanya wairing nyumba nzima. Waliokijua walikiuliza, na wasiokijua hawakuambiwa.

Palipo na foleni hapakosi mjanja. Alipita kijana mmoja aliyejiita wakala, akachukua fedha za fomu na za nguzo kwa baadhi ya wanachama, akaahidi wiki mbili. Hajaonekana hadi leo. Tangu hapo tumeweka utaratibu: hakuna mkopo wa umeme unaotolewa taslimu. Mwanachama analeta namba ya malipo iliyotolewa na shirika lenyewe, mweka hazina analipa, risiti inabaki kwenye faili. Na fundi wa nyaya ni lazima awe na leseni ya EWURA, maana bila mhuri wake maombi hayaendi. Siku hizi maombi yanafanyika hata kwa simu, kupitia NIKONEKT, kwa namba ya NIDA.

Siri ya uniti 75

Hili ndilo jambo lililotuokolea fedha nyingi kuliko yote, na halikuhitaji kuomba kwa mtu. Mteja mdogo wa nyumbani, anayetumia si zaidi ya uniti 75 kwa mwezi, yumo katika daraja la D1, na uniti yake ni shilingi 100 kabla ya kodi. Wa daraja la kawaida, T1, analipa 292 kabla ya kodi. Ukiongeza kodi na tozo, ni kama 122 kwa 356. Yaani mtu anayezidisha na kuhamishwa daraja analipa karibu mara tatu kwa uniti ile ile!

Basi tukakaa tukapiga hesabu ubaoni. Balbu nne za zamani za wati 60, zikiwaka saa tano kila usiku, kwa siku 30 zinakula uniti 36. Hiyo ni karibu nusu ya uniti 75, na bado hujapiga pasi. Balbu nne za LED za wati 9, kwa saa zile zile, zinakula uniti 5.4 tu. Mkutano ulicheka, kisha ukanyamaza. Wiki iliyofuata tulinunua balbu kwa jumla, tukagawana kwa bei ya jumla.

Lakini wapangaji walituambia jambo tusilolifikiria. Nyumba ya vyumba sita ina mita moja. Hata kila mmoja akibana matumizi vipi, kwa pamoja wanavuka 75 na wote wanalipa bei ya juu. Hivyo bei ya mnyonge inamkuta mwenye nyumba ndogo anayejitegemea, lakini mpangaji wa chumba kimoja, ambaye pengine ni mnyonge zaidi, haimfikii. Hili bado halijapata dawa. Tunaliandika hapa ili wakubwa wakisoma walitafakari.

Gesi ya ruzuku

Novemba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliitisha mjadala wa kitaifa Dar es Salaam juu ya nishati safi ya kupikia. Mei 2024 ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo mwaka 2034. Mwaka 2021 waliokuwa wakitumia nishati hiyo walikuwa asilimia 6.9 tu. Takwimu za serikali zinasema watu kama 33,000 hufa nchini kila mwaka kwa magonjwa yatokanayo na moshi wa jikoni. Sisi tuliokaa na mama zetu wakikohoa tunajua maana ya namba hiyo.

Chini ya mpango huo REA iliandaa mitungi 452,445 ya gesi ya kilo 6 kwa ruzuku ya asilimia 50, mitungi 3,255 kwa kila wilaya. Kitambulisho cha NIDA kilitakiwa. Ukitazama 3,255 kwa wilaya nzima, unaona mara moja kwamba hautoshi kila nyumba. Kwa hiyo kazi ya kikundi ilikuwa kuhakikisha vitambulisho viko tayari na taarifa inafika mapema, si siku gari limeshaondoka. Wapo waliokosa si kwa umaskini, bali kwa sababu hawakuwa na namba ya NIDA.

Mtungi ulikuja nusu bei. Kuujaza, bei ni ya sokoni, zaidi ya shilingi 20,000. Hapo wengi walikwama. Mkaa una ukatili wake, lakini una huruma moja: unauzwa kwa kopo. Leo una shilingi 1,000, unapata kopo, watoto wanakula. Gesi haikubali kopo. Inataka fedha zote kwa mara moja. Ndipo tulipoanza kuona mitungi imewekwa juu ya kabati kama pambo, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

Mjadala mkali

Ilipopendekezwa kikundi kikopeshe fedha za kujaza gesi, mkutano uliwaka. Upande mmoja ulisema: mkopo ni wa kuzalisha, mkopo wa kupikia ni mkopo wa kula, na kikundi kinachokopesha chakula hufa. Hawakusema uongo; tumeona vikundi vilivyokufa hivyo. Upande wa pili, mama lishe wakiwa mbele, walijibu: kwetu moto ni mtaji kama unga ulivyo mtaji. Na hata asiyeuza chakula, saa mbili anazotafuta kuni ni saa mbili za bustani au cherehani.

Haukushinda upande wowote peke yake. Tulikubaliana kwamba kujaza gesi hakukopeshwi kutoka kwenye hisa, ila kila anayetaka aweke akiba yake pembeni, kwenye bahasha yenye jina lake. Mwenye kuweka shilingi 500 kwa siku, kwa siku 50 ana 25,000. Ndiyo ile ile fedha ya kopo la mkaa, imepewa subira. Haba na haba hujaza kibaba, na safari hii kibaba ni mtungi. Mkopo wa wairing, jiko banifu au jiko la presha la umeme unatolewa kama mikopo mingine, kwa wadhamini na marejesho. Jiko hilo la presha linapika maharage kwa chini ya uniti moja, nalo limewafaa wenye umeme wa D1.

Na ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ambayo asilimia 4 ya mapato ya ndani hutengwa kwa wanawake, ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024. Kwa kuwa tulikwishajisajili chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 na vitabu vyetu viko safi, tuna haki ya kuomba kama wengine.

Tunakoelekea

Leo umeme umefika katika vijiji karibu vyote 12,318 vya Tanzania Bara, na kazi imeelekezwa vitongojini. Lakini kufika kijijini si kufika jikoni. Kati ya nguzo na sufuria kuna fedha ya nyaya, kuna kitambulisho, kuna tarehe, kuna mita ya mwenye nyumba, na mara nyingi kuna baba ambaye mita ni yake kwa jina ingawa tokeni ananunua mama. Serikali inafungua mlango. Hapo katikati panavukwa na wenyewe, na hakuna anayevuka vizuri akiwa peke yake.

 Kwa wanachama tuna ombi moja. Ukisikia tangazo la mpango wowote, usikae nalo. Lilete kwenye mkutano wa wiki hiyo hiyo, tulisome pamoja, tupige hesabu, ndipo tutoe fedha.

Umoja wetu udumu.