Udongo, Mabua na Maua ya Karatasi: Krismasi Inavyopambwa Ugogo

Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, takriban milimita 570 kwa mwaka, na msimu huo huanza kati ya mwishoni mwa Novemba na Desemba. Krismasi huwakuta wakulima shambani wakipanda uwele, mtama na karanga. Nchi iliyokuwa na rangi ya vumbi kwa miezi mingi huwa imeanza kuchipua, na kando ya barabara mikrismasi, miti yenye asili ya Madagaska, huwa imejaa maua mekundu. Mapambo ya sikukuu katika nyanda hizi yametokana na majira hayo: kile ambacho mtoto aliweza kuchuma, kuokota au kufinyanga, ndicho kilichoingia ndani.

Kazi ya kwanza ilikuwa nyumba yenyewe. Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walipopita Ugogo, nchi ya Wagogo inayozunguka Dodoma, mwaka 1857 waliwakuta wenyeji wakiishi katika tembe, nyumba za miti iliyokandikwa udongo, zenye paa la bapa lililofunikwa udongo vilevile. Nyumba ya namna hiyo hudai matunzo ya mara kwa mara. Kuta husiribwa upya, sakafu hupakwa udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe, na watoto ndio wachota maji na wakanyaga udongo. Mpaka leo, katika vijiji vyenye nyumba za udongo, kusiriba ni sehemu ya maandalizi ya sikukuu. Hakuna kinachonunuliwa, wala hakuna takataka ya kutupa ikifika Januari.

Krismasi ililetwa na wamisionari. Wale wa CMS, shirika la kimisionari la Kianglikana kutoka Uingereza, walifika Mpwapwa mwaka 1876, wakafungua kituo cha Mvumi mwaka 1900, na mwaka 1927 ikaundwa Dayosisi ya Kianglikana ya Central Tanganyika chini ya Askofu George Chambers kutoka Australia. Wakati huo reli ya kati ilikuwa imekwisha kufika Dodoma tangu 1910, enzi za Wajerumani, na Ujerumani ndiko ulikokulia mti wa Krismasi.

Mti huo nao, kwa asili yake, haukuwa wa anasa. Maandishi ya mwaka 1605 yanaeleza jinsi wakazi wa Strasbourg walivyosimamisha miti sebuleni na kuitundikia maua ya karatasi za rangi, matufaha na vitu vitamu. Sikukuu ilipokwisha, mapambo mengi yaliweza kuliwa. Ugogo haukuwa na miti ile ya nchi za baridi, hivyo kanisani na nyumbani likawekwa tawi la mti wowote uliobeba majani mabichi. Maua ya karatasi yakabaki, na hadi leo ni kazi inayopendwa na watoto wa shule ya Jumapili.

Pango la Krismasi lina historia yake pia. Fransisko wa Asizi aliandaa la kwanza kijijini Greccio, Italia, mwaka 1223, akitumia ng'ombe na punda hai. Mwaka 1935, Roma ilipounda Prefektura ya Kitume ya Dodoma, kazi ilikabidhiwa mapadre Wapasionisti kutoka Italia hiyohiyo, nchi ambako pango ni moyo wa Noeli. Huku Ugogo pango lilikutana na watu walioishi na ng'ombe. Mtoto wa mfugaji wa Kigogo hakuhitaji kuelezwa hori ni nini. Tena, kama watoto wa jamii nyingine za wafugaji, wa Ugogo wamekuwa wakifinyanga ng'ombe wa udongo tangu zamani, wenye nundu na pembe, wakiwachunga katika mazizi ya vijiti. Ujuzi uliohitajika kulijaza pango ulikuwa tayari mikononi mwao.

Mabua nayo yana nafasi yake. Bua la mtama hukatika kwa urahisi, na moyo wake laini huunganishwa kwa vijiti vyembamba. Kwa vitu hivyo watoto huunda magari, na wanaweza kuunda nyota au kibanda cha pango kwa njia ileile.

Karatasi iliingia majumbani kwa wingi kupitia shule. Serikali ilipozindua elimu ya msingi kwa wote mwaka 1977, madaftari yalifika vijiji vingi. Yakijaa, kurasa zake zilikuwa mali: zikikatwa vipande vyembamba na kugandishwa kwa uji mzito, zinakuwa mnyororo wa kuning'iniza ukuta hadi ukuta. Kisha ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, na kwa miaka kadhaa bidhaa zikaadimika kote nchini. Familia iliyotaka kupamba ilitumia kilichokuwepo.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1984, masharti ya kuingiza bidhaa yalipolegezwa. Taratibu zikaja nyuzi za plastiki zinazometameta, mapulizo, na miti ya plastiki ya kukunjwa. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza 1 Juni 2019 haikugusa mapambo hayo. Yakichakaa huishia jalalani au kupeperushwa na upepo wa kiangazi hadi malishoni, ambako ng'ombe na mbuzi huyameza pamoja na majani.

Kurudi kwenye matawi kunadai uangalifu, kwa sababu nyanda hizi zimeumizwa na mmomonyoko. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika maeneo ya Kondoa ili ardhi ipone. Mwishoni mwa 2017 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kuifanya Dodoma ya kijani. Tawi lililopogolewa halimdhuru mtu, lakini kukata mti mzima kwa siku chache za sikukuu ni hasara isiyo na sababu.

Hapo ndipo majira ya Dodoma yanapowapa wazazi nafasi nzuri. Mche wa mti ulio kwenye kopo au ndoo iliyotoboka unaweza kupambwa na watoto kwa maua ya karatasi, kisha ukahamishiwa ardhini mapema Januari, wakati mvua bado zinaendelea hadi Aprili. Watoto waupe maji katika wiki za ukavu ambazo mara nyingi huja Februari, na wauwekee uzio wa miiba dhidi ya mbuzi.