Kabla ya programu kulikuwa na meseji

Kabla hatujamtengenezea mama wa Ganda, kule Malindi, programu ya kumkumbusha chanjo ya mtoto, tuangalie tulikotoka.

Mwaka 2009 watafiti waligawa vituo vya afya 107 vya Pwani na Magharibi ya Kenya mafungu mawili. Wahudumu wa fungu moja walitumiwa meseji kuhusu kutibu malaria ya watoto. Fungu hilo lilitibu kwa usahihi zaidi, kwa tofauti ya takriban pointi 24 za asilimia.

Mwaka 2012 Tanzania ikaanzisha Wazazi Nipendeni: ulituma neno MTOTO kwenda 15001, bure, ukapata ushauri wa ujauzito na malezi kwa Kiswahili.

Kisha Siaya, vijiji 152, matokeo yakatoka 2017. Waliotumiwa meseji pamoja na shilingi 200 kwa kila chanjo ya wakati, watoto 90 kwa 100 walikamilisha chanjo. Wasiotumiwa kitu, 82. Meseji peke yake haikuleta tofauti ya uhakika.

Kwangu somo ni hili: kusahau ni nusu ya tatizo, nusu nyingine ni nauli. Programu inayodai simu ya bei na bando inamwongezea mama gharama. Tuanze na kabambe aliyo nayo mkononi. Mnaonaje?