Skolashipu na Watoto wa Micheweni

Katika kitabu hiki cha kumbukumbu ya miaka kumi ya Umoja wetu wa Ushirika, wenzetu wamekwisha kueleza habari za mwani, samaki na mizani. Sisi tumepewa kazi ya kueleza habari ya masomo ya juu, na jinsi watoto wa pande zetu walivyopata, au walivyokosa, fedha za kuyaendea.

Micheweni ni nchi ya mawe. Mikarafuu mingi ya Pemba imestawi upande wa magharibi. Sisi tuna bahari, ng'ombe na vishamba vya muhogo. Kwa hiyo mzazi wa hapa aghalabu hakuwa na mikarafuu ya kuweka rehani ili mwanawe asome. Hapakuwa na njia ila mtoto ashinde nafasi ya kulipiwa.

Skuli ya sekondari ya Serikali ilifunguliwa mjini Unguja mwaka 1935. Mtoto wa Pemba alivuka bahari kwanza, ndipo akashindane. Mtihani wa mwisho ulitoka Cambridge, kwa lugha ya Kiingereza. Aliyetaka shahada alikwenda Makerere, Uganda, ambayo tangu 1949 ilifungamana na Chuo Kikuu cha London, au alikwenda Uingereza kwenyewe. Hata nauli ya jahazi ilikuwa mtihani, na mtihani huo hausahihishwi na mwalimu.

Wala kufaulu peke yake hakukutosha. Marehemu Seif Sharif Hamad, mzaliwa wa Mtambwe, alimaliza kidato cha sita mjini Unguja mwaka 1963. Mwaka uliofuata yakaja Mapinduzi. Watumishi wengi wa kigeni wakaondoka, na vijana waliosoma wakatakiwa kazini. Yeye akapewa kazi ya kufundisha, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakukiingia mpaka mwaka 1972. Alama zake hazikupungua kitu kwa miaka hiyo yote. Alikuwa akingojea ruhusa.

Hata hivyo hatuna budi kusema kweli: mwaka ule ule wa 1964, mwezi wa Septemba, elimu ilitangazwa kuwa bure, na njia mpya zikafunguka kuelekea Sovieti, Ujerumani Mashariki, China na Cuba. Dakta Ali Mohamed Shein, mtoto wa Chokocho, kusini ya Pemba, alisoma Odessa hadi 1975, kisha akapata udaktari wa falsafa Newcastle, Uingereza, mwaka 1988. Mtoto wa kijijini alijifunza Kirusi kwanza, ndipo akajifunza kemia!

Siku hizi watu wengi huchanganya mambo mawili. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ya Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, hutoa mkopo, na mkopo ni deni. Skolashipu hairudishwi. Ile inayoitwa Samia Skolashipu, iliyoanza mwaka 2022, huwaendea waliofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi katika mtihani wa kidato cha sita. Wazazi hutujia matokeo yakishatoka, wakiuliza fomu iko wapi. Lakini mtoto aliyeacha masomo ya sayansi alipoingia kidato cha tatu amekwisha kutoka katika mashindano hayo, naye hakuambiwa na mtu. Twaona hapo ndipo penye kasoro kubwa, kuliko katika akili za watoto wetu.

Kasoro nyingine ni yetu wenyewe, nasi twaiandika hapa ili isipotee. Katika miaka ya mwanzo ya Umoja, binti wa mwanachama mmoja alifaulu vizuri mno. Cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa na jina la babu, na cheti cha skuli kilikuwa na jina la ukoo. Alihitaji nauli ya kwenda kuyasawazisha. Kamati yetu ilikaa vikao viwili ikijadili kama fedha za mwani zaweza kutumika kwa jambo lisilo la mwani. Tulipokubali, muda wa maombi ulikuwa umepita kwa siku nne. Alisoma baadaye kwa mkopo, na mpaka leo anaulipa.

Tangu hapo mkutano mkuu umeruhusu katibu kutoa nauli ya namna hiyo bila ya kungojea kikao. Kompyuta ya ofisi, inayotumika mchana kwa hesabu za mizani, baada ya alasiri huachiwa wanafunzi wanaojaza maombi. Mwenye mtoto wa kidato cha pili na aje naye, pamoja na cheti chake cha kuzaliwa.