Harry Patch: Fundi bomba aliyekaa kimya miaka 80 kuhusu vita

Harry Patch alikuwa fundi bomba wa kijijini, si mtu wa bunduki. Lakini alipofariki Julai 25, 2009 akiwa na miaka 111, Uingereza ilimpoteza askari wake wa mwisho aliyepigana kwenye mahandaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Alizaliwa Juni 17, 1898 Combe Down, kijiji kilicho karibu na mji wa Bath. Baba yake alikuwa mwashi. Harry alimaliza shule akiwa na miaka 15, akaanza kujifunza ufundi bomba.

Jeshi halikumvutia hata kidogo. Kaka yake alishajeruhiwa vitani na alimweleza hali halisi ya huko. Mwaka 1916 akachukuliwa kwa lazima, umri miaka 18.

Juni 1917 alivuka kwenda Ufaransa, akapangwa kwenye kundi la watu watano wa bunduki ya rashasha aina ya Lewis. Jamaa hawa waligawana kila kitu, hadi vifurushi vilivyotoka nyumbani. Pia walikubaliana kutoua kama inawezekana: lenga miguu.

Katika mapigano ya Passchendaele, Ubelgiji, Mjerumani mmoja alimjia akiwa na singe. Patch alimpiga bastola begani. Bunduki ikadondoka, lakini jamaa akaendelea kuja. Angeweza kummaliza. Badala yake akampiga mguuni.

Usiku wa Septemba 22, 1917 kombora liliwalipukia. Wenzake watatu walikufa, yeye akapigwa na kipande cha chuma kwenye kinena. Daktari alikitoa bila ganzi, huku watu wanne wamemshikilia.

Baada ya vita alirudi kwenye mabomba. Alifunga ndoa na Ada mwaka 1919, na kati ya kazi zake ni mnara wa Wills Memorial, Bristol. Vita vya Pili vilipokuja umri ulishapita, akawa mzimamoto. Bath ilipopigwa mabomu Aprili 1942, alikuwepo.

Ila ya 1917 hakuyasema. Ada alifariki mwaka 1976, na kwa miaka yote hiyo ya ndoa mumewe hakuwahi kumsimulia. Hata uzeeni, taa iliyowaka ghafla nje ya chumba chake ilimkumbusha mwanga wa kombora lile.

Alifungua mdomo mwaka 1998, akiwa na miaka 100. Mwaka 2004 alikutana na Charles Kuentz, mzee aliyepigana upande wa Ujerumani, wakapeana mikono. Vita aliviita mauaji yaliyopangwa. Sherehe za kitaifa za Novemba 11 aliziona maonyesho tu. Siku yake ya kumbukumbu ilikuwa Septemba 22.

Mazishi yalifanyika Agosti 6, 2009, ibada ikiwa katika kanisa kuu la Wells. Askari wa Ubelgiji, Ufaransa na Ujerumani walisindikiza jeneza pamoja na Waingereza. Kwa matakwa yake, hakuna aliyebeba silaha, hata ya gwaride.