Nani Anasimulia? Kriketi ya Karibiani Katika Sinema

Tunapohakiki riwaya huuliza kwanza: nani anasimulia? Sinema nayo ihojiwe hivyo hivyo, hata ile inayojiita ya matukio halisi. Hebu tuitazame *Fire in Babylon* ya Stevan Riley, iliyotoka mwaka 2010 na kuingia katika majumba ya sinema ya Uingereza mwaka 2011. Maudhui yake ni timu ya kriketi ya West Indies katika miaka ya 1970 na 1980.

Tuanze na historia yenyewe. Kriketi ilifika Karibiani pamoja na ukoloni wa Kiingereza. Mtu mweusi aliruhusiwa kurusha mpira na kuupiga, lakini unahodha ulikuwa mali ya mzungu. Ilibidi kungoja hadi 1960 ndipo Frank Worrell akawa mweusi wa kwanza kukabidhiwa unahodha kwa mfululizo mzima wa mechi za kimataifa. Mwandishi C. L. R. James wa Trinidad aliupigania uteuzi huo gazetini, na mwaka 1963 akatoa kitabu *Beyond a Boundary*, akionyesha kwamba mchezo na siasa havitengani.

Basi, katika msimu wa 1975–76 timu ya Clive Lloyd ilikwenda Australia ikachapwa 5–1, huku warushaji wa kasi Lillee na Thomson wakiwatwanga miili. Lloyd akapata somo: naye akakusanya warushaji wa kasi. Mwaka huo huo wa 1976, nahodha wa Uingereza Tony Greig, mzungu mzaliwa wa Afrika Kusini, akatamka kwenye televisheni kwamba atawafanya West Indies watambae. Kauli hiyo, kutoka kwa mzaliwa wa nchi ya ubaguzi, ilikuwa tusi. Jibu lilitolewa uwanjani: West Indies walishinda 3–0, na pale Oval Michael Holding aliangusha wiketi 14 katika mechi moja. Kuanzia 1980 hadi 1995 hawakupoteza mfululizo hata mmoja wa mechi za Test.

Hapo ndipo kelele zilipoanza, eti huo si mchezo, ni ukatili. Kumbe Lillee na Thomson walipofanya vile vile walisifiwa ushujaa! Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mwaka 1991 ikawekwa sheria ya kupunguza mipira ya kurukia kichwani.

Ubora wa filamu hii kifani ni kwamba waliocheza ndio wanaosimulia: Lloyd, Holding, Richards, Roberts. Riley ni Mwingereza, lakini tafsiri ya matukio kawaachia wenyewe. Hata hivyo, ushujaa wa pamoja una ufa. Mwaka 1983 baadhi ya wachezaji walikubali fedha wakaenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu; Viv Richards alikataa. Colin Croft, mmoja wa waliokwenda, yumo kati ya wasimulizi. Ni haki awemo. Bila yeye tungepewa ngano ya mashujaa tu, tusione kwamba mchezaji huyo aliyebeba heshima ya watu weusi alikuwa pia mfanyakazi mwenye ujira mdogo. Kumlaani ni rahisi. Kueleza uchumi uliomsukuma ndiyo kazi ya mhakiki.

Swali hili linatugusa na sisi Afrika Mashariki. *Warriors* ya Barney Douglas, Mwingereza mwingine, ilitoka mwaka 2015. Inawafuata vijana wa Kimaasai wa Laikipia, Kenya, wanaocheza kriketi na kupinga ukeketaji. Kazi yao ni ya maana. Lakini wahusika wakuu ni wanaume, na mwenye jeraha ni msichana. Kwa hiyo tukiketi mbele ya filamu kama hizi tusiishie kushangilia wiketi. Tuulize ni nani mwenye maumivu, na je, amepewa nafasi ya kusema?