Mvumilivu Asiyekula Mbivu

Wahenga walisema, mvumilivu hula mbivu. Methali hii niliifundisha miaka mingi, wala hakuna mwanafunzi aliyeniuliza: je, akifa kabla hazijaiva?

Jibu nimelipata kwa mashabiki wa besiboli wa Chicago, Marekani. Timu yao, Cubs, ilitwaa ubingwa mwaka 1907 na 1908, kisha ikakauka. Mwaka 1945 ilishindwa fainali na Detroit Tigers, na haikufika tena fainali kwa miaka 71. Hata hivyo watu hawakuukimbia uwanja wao wa Wrigley Field. Baba alimpeleka mwanawe, mwana naye akampeleka wake. Wengi walizaliwa, wakazeeka na kuzikwa bila kuuona ubingwa.

Usiku wa tarehe 2 Novemba 2016, ugenini Cleveland, baada ya mvua kusimamisha mchezo kwa dakika 17, Cubs walishinda 8 kwa 7. Miaka 108 ilikuwa imepita. Wajua, ndugu msomaji, mashabiki walifanya nini? Walichukua chaki, wakaziendea kuta za matofali za Wrigley Field, wakaandika majina ya baba, mama na babu zao waliokwisha kufa, hata kuta zikajaa.

Mimi niliyeshika chaki maisha yangu yote, sijapata kusikia imetumika vizuri kuliko hivyo. Naam, ushabiki wa kweli ni amana. Mvumilivu asipojaaliwa kuzila mbivu, mwanawe humtengea fungu lake.