Gari la spoti lililotumika: mambo ya kukagua kabla ya kulipa

Katika mtaa wa Batsinda, sekta ya Kinyinya wilayani Gasabo, gari la spoti husikika kabla ya kuonekana. Mtaa huo uko kwenye vilima vya kaskazini mwa jiji la Kigali, wenye miinuko, matuta na vichochoro vya udongo ambavyo havikutengenezwa kwa ajili ya gari lenye tumbo karibu na ardhi. Kwa anayekusudia kununua gari la namna hiyo lililokwisha kutumika, mazingira hayo humfaa kuliko uwanja wa muuzaji, ambako gari husimama mahali tambarare, limeoshwa, na mara nyingi injini yake imekwisha kupashwa moto kabla mnunuzi hajafika.

Ukaguzi nchini Rwanda huanzia kwenye usukani. Magari hapa hupita upande wa kulia wa barabara, na kuingiza nchini magari madogo yenye usukani wa kulia kumepigwa marufuku tangu katikati ya miaka ya 2000. Majirani zetu wa Uganda, Kenya na Tanzania hupita kushoto, kwa hiyo magari ya Japani yanayojaza bandari za Mombasa na Dar es Salaam hayatufai jinsi yalivyo. Yanayotufaa hutoka Ulaya, Dubai, Korea Kusini au Marekani. Yapo pia yaliyozaliwa na usukani wa kulia kisha yakageuzwa, na hayo yanataka jicho kali. Mnunuzi atazame chini ya dashibodi kama mhimili wa usukani umeungwa kwa kulehemu, na kama pedali ya breki imeunganishwa kwa fimbo inayovuka upande wa pili. Awashe taa usiku mbele ya ukuta: taa za gari la Japani huinua mwanga upande wa kushoto, nazo hapa zitamwaka machoni anayekuja mbele. Gari lililogeuzwa kwa mkono wa haraka si la kujadiliwa bei, liachwe.

Baada ya usukani ni nambari ya chesesi. Kwa magari mengi ya Ulaya na Marekani ina tarakimu na herufi 17, na haitumii kamwe herufi I, O wala Q. Ilinganishwe ile iliyo chini ya kioo cha mbele, iliyo kwenye nguzo ya mlango, iliyochongwa kwenye bodi na iliyoandikwa kwenye karite jone. Ikitofautiana hata kwa herufi moja, mazungumzo yakome. Magari yatokayo Marekani yana hatari ya ziada, kwani baadhi yaliuzwa mnadani na kampuni za bima baada ya ajali au mafuriko. Mkanda wa usalama ukivutwa hadi mwisho, tope lililokauka huonekana palipofichika. Boliti za viti zenye kutu na zulia lenye harufu ya uvundo husema yaliyobaki.

Injini ikaguliwe ikiwa baridi. Mnunuzi aweke kiganja juu ya boneti kabla ya salamu kwisha. Ikiwa ina joto, apange kurudi siku nyingine asubuhi. Moshi wa buluu maana yake ni oili inayoungua, moshi mweusi ni petroli iliyozidi, na moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata joto huashiria maji ya kupoza yanayoingia kwenye silinda.

Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution ndizo zinazotamaniwa zaidi na wapenzi wa mbio katika kanda hii, na sababu inajulikana. Colin McRae alishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1997 akiwa na Impreza, na magari ya aina hizo mbili yameonekana pia katika mbio za Mountain Gorilla Rally hapa Rwanda. Sifa hiyo ni sababu ya kukagua mara mbili, kwa kuwa wamiliki wengi huongeza nguvu ya turbo kuliko kiwango cha kiwandani. Katika Impreza za zamani mkanda wa taimingi una muda wake wa kubadilishwa. Ukikatika, valvu hugongana na pistoni na injini huishia hapo. Gasketi ya kichwa cha silinda nayo ni ugonjwa unaojulikana wa baadhi ya injini zake, na viputo kwenye chombo cha maji ndiyo dalili. Kwa BMW M3 ya kizazi cha E46, fundi alale chini ya gari atafute nyufa kwenye bati la sakafu linaloshika ekseli ya nyuma.

Kisha gari lipande mlima. Kigali iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza huko karibu asilimia 15 ya nguvu zake, kwa hiyo farasi 200 za kwenye karatasi hubaki kama 170. Asiyejua hilo atadhani gari ni bovu. Maji nayo huchemka kwa nyuzi joto 95 hivi katika mwinuko huo, na ndiyo maana mfuniko wa rejeta usioshika shinikizo, kifaa cha bei ndogo, unaweza kuua injini ya bei kubwa. Katika gia ya tatu, mafuta yakikanyagwa, mzunguko wa injini ukipanda bila mwendo kuongezeka, klachi imekwisha. Wakati wa kushuka, breki zisivute upande mmoja na pedali isizame polepole.

Tairi husahaulika. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 3219 ni wiki ya 32 ya 2019. Tairi inaweza kuwa na meno mazuri na bado ikawa imezeeka.

Karatasi zikaguliwe kwa uzito uleule wa injini. Cheti cha kontroli tekniki cha polisi kiwe hai, na nambari ya plaki ichunguzwe kama ina faini zisizolipwa. Gari lenye kasi hufahamiana mapema na kamera za barabarani, ambazo wakazi wa Kigali huziita Sofia. Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB, huweka rejesta ya dhamana za mali zinazohamishika, na huko hujulikana kama benki ina haki juu ya gari.

Fedha zikabidhiwe siku ya mutasiyo, yaani umiliki unapohamishwa katika Mamlaka ya Mapato, RRA. Wapo wanaoahirisha hatua hiyo ili kukwepa gharama na kuendesha gari lenye jina la mtu mwingine. Faini hutumwa kwenye simu ya mmiliki wa zamani, na iwapo mahakama itaamuru mali zake zikamatwe kwa deni, gari hilo ni miongoni mwa mali zake.